Motokari ya zamani inazikwa wapi? Historia ya sheria moja ya Japani inayotugusa sisi

Ninyi mulio mjini na ninyi mulio katika kambi za wakimbizi wa ndani, leo tuzungumze juu ya motokari zilizochoka. Hapa Kivu nyingi zinatoka Japani. Zinashuka bandarini Mombasa ao Dar es Salaam, kisha zinapanda hadi kwetu, usukani wake ukiwa kuume. Japani wana sheria kali ya kuzika motokari. Sheria hiyo ilitoka wapi? Na juu ya nini motokari hizo zinakuja kufia kwetu?

Historia inaanzia kwenye kisiwa kidogo kinachoitwa Teshima, katika jimbo la Kagawa. Mwaka 1978 tajiri mmoja alipewa ruhusa ya kufuga minyoo kwa kutumia takataka zisizo na sumu. Wananchi walikuwa wamepinga, lakini hawakusikilizwa. Kumbe alileta mabaki ya motokari zilizosagwa: vumbi la plastiki, sponji, mpira na mafuta machafu, akayachoma hewani. Polisi waliingia mwezi wa 11 mwaka 1990. Wananchi waliendelea kudai haki mpaka mwezi wa 6 mwaka 2000, wakati gavana wa jimbo aliwaomba radhi na kukubali kusafisha. Takataka hizo, karibu tani 900.000, zilimalizika kuondolewa mwaka 2017.

Aibu ya Teshima iliisukuma serikali ya Japani. Sheria ya motokari zilizomaliza kazi ilipitishwa mwaka 2002, ikaanza kutumika mwezi wa 1 mwaka 2005. Utaratibu wake ni huu. Anayenunua motokari mpya analipa mapema pesa za mazishi yake. Siku ikichoka, anaipeleka kwa mtu aliyeandikishwa na serikali. Gesi ya kupoza hewa inatolewa kwanza, kisha mifuko ya hewa ya usalama. Fundi anatoa batri, mafuta, matairi na vipande vinavyofaa kuuzwa. Kinachobaki kinasagwa. Kila hatua inaandikwa kwenye kompyuta, na mwishoni namba ya motokari inafutwa kabisa.

Lakini kuna mlango mmoja wazi. Motokari ikiuzwa inchi za nje, mwenyewe anaweza kuomba arudishiwe pesa zile za mazishi. Kwa hiyo motokari inavuka bahari, lakini pesa za kuizika zinabaki Japani. Na si Japani peke yake. Shirika la Umoja wa Mataifa la mazingira, UNEP, lilieleza mwaka 2020 kwamba kati ya mwaka 2015 na 2018 motokari ndogo milioni 14 zilizotumika zilitoka Ulaya, Japani na Marekani. Karibu asilimia 40 ziliingia Afrika.

Sisi hatutupi kitu ovyo. Springi inakuwa kisu ao panga, tairi inakuwa kandambili ao inavikwa kwenye gurudumu la chukudu. Hiyo ni akili ya watu wetu, na inalisha familia nyingi. Hatari kubwa iko ndani ya batri. Batri ina asidi na risasi, na risasi ni sumu inayoharibu ubongo wa mtoto, hata ikiingia kidogo kidogo kwa vumbi.

Mambo hayo yameisha kuonekana Afrika. Huko Thiaroye-sur-Mer, karibu na Dakar, Senegali, watu walikuwa wakivunja batri na kuchekecha udongo ili wapate risasi ya kuuza. Kati ya mwezi wa 11 mwaka 2007 na mwezi wa 3 mwaka 2008, watoto 18 walikufa. Huko Owino Uhuru, Mombasa, kiwanda cha kuyeyusha risasi ya batri kilitia sumu mtaa mzima. Mama Phyllis Omido aliwaongoza wananchi, na mwaka 2020 mahakama iliamuru walipwe shilingi za Kenya bilioni 1,3.

Wazazi walio kambini, munajua watoto wanavyookota vyuma ili wapate pesa ya unga. Hatuwezi kuwalaumu. Lakini batri isipasuliwe karibu na nyumba wala penye maji ya kuteka. Risasi isiyeyushwe kwenye sufuria ya chakula. Tairi lisitumiwe kuwasha moto wa kupikia. Batri iuzwe nzima, bila kufunguliwa, na mtoto aliyegusa vyuma hivyo anawe mikono kwa sabuni kabla ya kula.

Kwa viongozi: watu wa Teshima walikuwa wachache na kisiwa chao ni kidogo, lakini walidai kwa miaka mingi mpaka sheria ikabadilika. Motokari inapoingia mpakani inalipiwa kodi. Sehemu ya kodi hiyo ingeweza kujenga mahali salama pa kukusanyia batri katika kila mji. Swali hilo wananchi wana haki ya kuliuliza, hata wakiwa chini ya hema.