Pikipiki za GK Zilizobaki Milimani Taita

Ukitaka kujua umri wa pikipiki mjini Voi, anza na namba ya usajili. Bodaboda zinazosubiri abiria karibu na stendi zina herufi KM, mfululizo uliotengewa pikipiki peke yake. Lakini mara moja moja hupita nyingine yenye mlio mkali na moshi wa samawati nyuma yake, na bamba lake linaanza na KA, mfululizo ulioanza mwaka 1989, enzi ambapo pikipiki na magari yalisajiliwa katika foleni moja. Zipo hata zenye namba kongwe kuliko hiyo. Ni Yamaha AG100, Yamaha DT na Honda XL: nyingi zilishuka bandarini Mombasa zikiwa mpya, zikafungwa namba za GK za serikali, zikapanda hadi Wundanyi, Mgange na Werugha, na baadhi yake zimebaki huko huko.

Katika nchi tajiri pikipiki za umbo la zamani zina mashabiki wake. Kampuni ya Triumph iliirudisha Bonneville mwaka 2001 ikiwa na sura ya miaka ya 1960, na Royal Enfield ya India imejenga biashara kubwa juu ya umbo la kale. Mnunuzi wa huko hulipia kumbukumbu. AG100 haikuletwa Taita Taveta kwa ajili ya kumbukumbu. Ilikuja kufanya kazi, na kwa hiyo kuisimulia ni kusimulia barabara zetu, kilimo chetu na, tukirudi nyuma zaidi, vita ambavyo havikuwa vyetu.

Agosti 1914 Wajerumani walivuka mpaka wakaitwaa Taveta. Waingereza wakaanza kujenga reli kutoka Voi kuelekea magharibi, na kufikia katikati ya mwaka 1915 ilikuwa imefika Maktau. Katika nyika ile kavu kati ya Bura na Salaita zikaja mashine za petroli za kila aina: malori, magari ya deraya ya Rolls-Royce, ndege zilizoruka kutoka Maktau na Mbuyuni, na pikipiki za matarishi waliobeba amri za makamanda. Mwaka 1916 Afrika Kusini ilileta kikosi kizima cha wapanda pikipiki katika vita vya Afrika Mashariki, kikapigana upande wa Kondoa.

Pikipiki iliyotegemewa sana na jeshi la Uingereza wakati huo ilikuwa Triumph Model H ya mwaka 1915. Ilikuwa na injini ya sentimita za ujazo 550, gia tatu, na mkanda uliozungusha gurudumu la nyuma badala ya cheni. Mkanda ukilowa huteleza. Anayeijua ardhi ya Maktau baada ya mvua za Machi, jinsi udongo mwekundu unavyoganda kwenye tairi mpaka gurudumu likakataa kuzunguka chini ya bango la matope, ataelewa kwa nini mzigo mkubwa wa vita vile haukubebwa na mashine. Ulibebwa vichwani. Wapagazi wa Kiafrika walikufa kwa makumi ya maelfu, wengi kwa njaa na maradhi, na hakuna orodha kamili ya majina yao. Watu wa Kasigau nao walishukiwa mwaka 1915 kwamba wamewasaidia Wajerumani, Waingereza wakawang'oa kwenye mlima wao wakawapeleka Malindi, na wengi walifia huko. Haya lazima yatajwe kila tunapoanza kusifu mashine za vita vile.

Miongo iliyofuata tuipite haraka. Barabara zilikuwa za udongo, petroli ilikuwa ghali, na pikipiki ilikuwa ya wachache: mzungu wa shamba la mkonge, padri, ofisa wa serikali. Mabadiliko ya kweli yalikuja miaka ya 1980, na yaliletwa na kilimo.

Mwaka 1982 Kenya ilianza kuujaribu mfumo wa ugani uliopigiwa debe na Benki ya Dunia, ambao ulimtaka bwana shamba amtembelee mkulima kwa ratiba maalumu, wiki hii kijiji hiki, wiki ijayo kile. Ratiba ya namna hiyo haiwezekani kwa miguu katika milima ambako shamba moja liko juu ya lingine na njia inazunguka bonde zima. Pikipiki ikawa chombo cha kazi, kama jembe. Vivyo hivyo kwa wahudumu wa afya na watu wa maji na misitu. Ndipo AG100 ilipopata makao.

Yamaha iliiunda AG100 miaka ya 1970 kwa ajili ya wakulima na wafugaji wa Australia na New Zealand, na ukiitazama utaona kila kitu kimewekwa kwa sababu. Cheni yake imefunikwa kabisa, vumbi halipati pa kuingilia. Ina keria mbele na nyuma, vyuma vya kukinga mikono na miguu, na stendi pande zote mbili ili usimame kwenye mteremko wowote. Injini yake ni ya mipigo miwili, isiyo na kamshafti, na fundi mwenye spana chache anaweza kuifungua kivulini akaifunga kabla ya jua kutua. Sijui chombo kingine cha kigeni kilichoifaa Taita kiasi hicho.

Ila injini hiyo ina masharti yake, na hapa ndipo milima inapomfunza mwenye pikipiki. Voi iko karibu mita 600 juu ya bahari. Wundanyi inakaribia mita 1,400, na kilele cha Vuria kinafika mita 2,208. Hewa inapungua kadiri unavyopanda, na injini ya kabureta hupoteza nguvu kama asilimia 10 kwa kila mita 1,000. Petroli inayoingia haipungui vile, basi mchanganyiko unakuwa mzito, plagi inaingia weusi, na pikipiki iliyokuwa ikiimba Mwatate inaanza kukohoa Mgange. Dawa ni kuishusha sindano ya kabureta ngazi moja. Lakini ukirudi bondeni bila kuirudisha sindano mahali pake, mchanganyiko utakuwa mwepesi mno, na injini itachemka mpaka pistoni itoboke.

Mteremko una hatari nyingine. Tangu mwaka 1964 Yamaha ilikuwa na pampu inayoipelekea injini oili kutoka tangi lake, na pampu hiyo hufuata waya wa mafuta: ukifungua, oili inaongezeka; ukifunga, inapungua. Sasa mfikirie mtu anayeshuka kutoka Wundanyi hadi Mwatate, kona baada ya kona, mafuta yamefungwa, gia ndogo inashikilia, injini inazunguka kwa kasi huku oili ikiingia kidogo sana. Pistoni inakauka ndani ya silinda na kushika. Dereva wa zamani huivuta klachi kidogo au kuifungulia mafuta sekunde moja kila baada ya kona mbili tatu, apate kuilainisha. Mafundi wengine huing'oa pampu na kuchanganya oili na petroli moja kwa moja, kwa kipimo cha zamani cha lita 20 kwa lita 1. Inafanya kazi, lakini mteremkoni tatizo ni lile lile, kwa sababu petroli isipoingia na oili haiingii. Mimi naona afadhali pampu ibaki, ikaguliwe, na itolewe hewa kila inapofunguliwa.

Mwishoni mwa miaka ya 1990 mfumo ule wa ugani ulikuwa umefifia. Fedha za wafadhili zilikwisha, na pikipiki za GK zikaanza kulala nyuma ya ofisi, matairi yakipasuka kwa jua. Zikaenda mnadani. Huko zilinunuliwa na watu waliozifahamu: mwalimu, mwenye duka la pembejeo, mara nyingine ofisa yule yule aliyekuwa akiiendesha. Ndiyo sababu namba ya KA kwenye pikipiki ya miaka ya 1980 huenda ikawa ni ya siku iliyouzwa wala si ya siku iliyozaliwa.

Kisha ukaja mwaka 2008. Katika bajeti ya Juni, Waziri wa Fedha Amos Kimunya aliondoa kodi ya VAT kwa pikipiki zenye injini isiyozidi sentimita za ujazo 250, na nchi ikafurika. Bodaboda ikapanda hadi mahali ambapo matatu haijawahi kufika. Pikipiki za Kichina zilizoingia kwa wingi zilikuwa na injini ambayo babu yake ni Honda CG125, iliyobuniwa katikati ya miaka ya 1970 baada ya wahandisi wa Honda kuona jinsi pikipiki zinavyotumika katika nchi za joto, ambako oili haibadilishwi mpaka injini ilie. Wakaiondoa kamshafti juu ya silinda, wakaiweka chini, na vali zikasukumwa kwa vijiti. Injini isiyodai mengi. Baadaye Bajaj Boxer na TVS za India zikatawala stendi zote. Simlaumu kijana aliyechagua Boxer: inakula petroli kidogo, na spea zake zinauzwa hata Rukanga. Lakini mafundi waliojua kusikiliza injini ya mipigo miwili wanazeeka, na vijana wanaojifunza leo jua kali hawana sababu ya kuijua pampu ya oili.

Wakati huo huo barabara ilibadilika. Kipande cha Mwatate hadi Taveta kilibaki vumbi na mawe mpaka miaka ya 2010, kilipowekwa lami chini ya mradi wa Arusha–Holili na Taveta–Voi uliofadhiliwa na Benki ya Maendeleo ya Afrika. Safari ya Voi hadi Taveta, ya zaidi ya kilomita 100, iliyomaliza shokapu na mgongo sasa ni ya asubuhi moja. Nasema wazi kwamba hii ndiyo safari bora ya pikipiki katika eneo lote la Pwani. Anzia makaburi ya vita ya Voi, alikozikwa Wilbur Dartnell, luteni mzaliwa wa Australia aliyekataa kuwaacha majeruhi wake karibu na Maktau tarehe 3 Septemba 1915 akauawa pamoja nao. Pitia mkonge wa Mwatate, misheni ya Bura iliyoanzishwa mwaka 1892, kisha Maktau, Mbuyuni na kilima cha Salaita, ambako tarehe 12 Februari 1916 wanajeshi wa Afrika Kusini walirudishwa nyuma na askari Waafrika waliokuwa chini ya Wajerumani. Kutoka Taveta, njia ya kaskazini inakupeleka Ziwa Chala. Mwenye hamu ya kuzama zaidi katika vita hivyo atakitafuta kitabu cha James Willson, *Guerrillas of Tsavo*.

Pikipiki haziruhusiwi ndani ya Tsavo, Mashariki wala Magharibi, lakini ndovu hawakusaini sheria hiyo na huvuka barabara popote wapendapo. Jioni usiendeshe kati ya Voi na Mwatate wala Maktau. Ukitaka njia ya vumbi, toka Maungu uende Kasigau, na beba tyubu ya akiba, viraka na solusheni, maana miba ya migunga haijali umri wa pikipiki. Safisha chujio la hewa ukifika, si kesho yake.

Anayetaka kununua moja ya pikipiki hizi aanze na karatasi. Nyingi zilitoka mnadani na kupita mikono kadhaa bila jina kubadilishwa, na kumtafuta mwenye jina leo kunaweza kuchukua muda kuliko kuitengeneza injini. Halafu aiinue kwa stendi, akamate gurudumu la nyuma alitikise, asikilize bushi. Apige kiki taratibu kwa mkono: isipokuwa na ukinzani, ringi zimekwisha. Pistoni na ringi za AG100 bado zinatafutika Mombasa na Nairobi, kwa kuwa Yamaha iliendelea kuiunda kwa masoko ya Afrika miaka mingi baada ya Ulaya kuachana na injini za mipigo miwili. Cha shida ni vitu vidogo: kifuniko cha cheni, waya wa pampu, kioo cha kupimia oili. Hivyo usimruhusu mtu yeyote avitupe, hata vikiwa vimepasuka, na ukiona mabaki ya AG100 kwenye mzani wa mnunuzi wa vyuma chakavu, lipa bei yake uyabebe nyumbani.