Siku Edmonton ilipomuuza Gretzky

Jamani, mnaodhani mashabiki wa soka peke yao ndio wanaojua kununa, someni habari ya Edmonton, Kanada. Tarehe 9 Agosti 1988 klabu ya mpira wa magongo wa barafuni, Edmonton Oilers, ilimuuza Wayne Gretzky na wenzake 2 kwa Los Angeles Kings. Mei mwaka huo huo alikuwa ametwaa nayo Kombe la Stanley, la 4 katika miaka 5!

Oilers walipata Jimmy Carson, Martin Gélinas, haki ya kuchagua chipukizi wa raundi ya kwanza mara 3, na dola milioni 15. Mashabiki hesabu hawakuzijali. Walichoma sanamu ya mwenye timu, Peter Pocklington. Mbunge Nelson Riis akaitaka serikali izuie biashara ile. Wengine wakamtupia lawama Janet Jones, mwigizaji wa Kimarekani aliyeolewa na Gretzky Julai, eti ndiye aliyemvutia Hollywood. Hapo mimi nawakatalia. Mwenye timu hakuwa bibi harusi, na aliyezihitaji dola zile alikuwa Pocklington. Mwanamke kugeuzwa kisingizio cha maamuzi ya wanaume wenye pesa, mbona tumeshazoea?

Ubishi ukapamba moto 1989, Gretzky na Kings walipowang'oa Oilers, mabingwa watetezi, kwenye mtoano kwa michezo 4 kwa 3. Halafu 1990 Oilers wakachukua kombe bila yeye. Gretzky alicheza hadi 1999, na kombe hakulitwaa tena.