Kijembe cha Bibi: Kisu Kidogo Kilichotufikisha Sheffield



Siku hizi ukisema kijembe, kila mtu anafikiria maneno. Mtu kavaa kanga yake na jina limemlenga jirani, au mwimbaji wa taarabu katupa fumbo na ukumbi mzima umegeuka kumtazama anayehusika. Wakubwa zetu walikuwa na kijembe cha kushika mkononi: kisu kidogo chenye makali, cha kuchania ukindu, kukatia uzi na kuchongea kalamu. Maneno makali yamekuja kuazima jina lake.

Sisi ndugu watatu tulikutana nacho baada ya kumaliza eda ya huzuni zetu, tulipofungua kasha la bibi yetu Mkunazini. Chini ya kanga zilizokunjwa na kichupa cha udi kilichokauka, kulikuwa na kitambaa, na ndani ya kitambaa kisu cha kukunja. Kikifungwa hakizidi kidole. Mpini wake mweupe umegeuka rangi ya samli. Pale ubapa unapoingia kwenye mpini mmechorwa maneno mawili: SHEFFIELD na ENGLAND. Jina la aliyekitengeneza limefutika kwa kunolewa.

Mdogo wetu anayeishi Uingereza alikitaka palepale. Dada yetu mkubwa akakataa. "Ule mpini ni pembe ya ndovu," alisema. "Mnajua nyumba hii iko hatua ngapi kutoka lilipokuwa soko la watumwa? Mimi kitu hicho sikitaki kiwe urithi wetu." Hapo ndipo tulipoanza kusoma, na leo tunawaletea tuliyoyapata.

Kisu chenye ala ndani yake

Kisu cha kukunja si kitu cha jana. Huko Hallstatt, Austria, kumepatikana kisu cha kukunja chenye mpini wa mfupa cha zaidi ya miaka 2,500 iliyopita, na Warumi nao walikuwa navyo. Uzuri wake ni mmoja tu: mpini wake ndiyo ala yake. Mtu anakitia mfukoni au anakifunga kwenye pindo la kanga bila kujikata.

Kilichokifanya kiwe kitu cha kila mtu ni springi ya mgongoni, kipande cha chuma kinachopita nyuma ya mpini na kuukandamiza ubapa ubaki wazi au ubaki umefungwa. Kisu kizuri cha zamani ukikifunga hutoa sauti ya "tak". Wakusanyaji wa visu hukisogeza karibu na sikio kabla ya kukitazama kwa macho, kwa sababu sauti hiyo huwaambia kama springi bado ina nguvu na kama fundi aliifanya kazi kwa uaminifu.

Ulaya vile vidogo vilikuwa na kazi ya kuchonga kalamu za manyoya ya ndege. Kwetu kalamu ilikuwa ya utete, nayo huchongwa kwa kisu vilevile. Bibi Salme binti Said, aliyezaliwa Unguja mwaka 1844 na kitabu chake cha kumbukumbu kikatoka 1886, ameeleza jinsi alivyojifundisha kuandika kwa siri, akiigiza herufi za Qur'ani juu ya mfupa wa bega la ngamia, kwa kuwa wakati ule wasichana walifundishwa kusoma tu. Tunapokishika kijembe tunakumbuka kwamba kalamu ilikuwa haifiki karatasini bila makali.

Mji wa visu

Sheffield ni mji wa kaskazini ya Uingereza wenye mito midogo ya kasi na mawe ya kunolea. Maji yaliendesha magurudumu, mawe yakasaga chuma. Tayari katika karne ya 14 mshairi Chaucer alikitaja kisu cha Sheffield katika moja ya hadithi zake. Mwaka 1624 Bunge la Uingereza lilipitisha sheria ya kuunda chama cha mafundi visu wa eneo hilo, na chama hicho kipo hadi leo. Katika miaka ya 1740 Benjamin Huntsman, aliyekuwa fundi wa saa, aligundua njia ya kuyeyusha chuma ndani ya vyungu vya udongo hadi kikawa feleji safi isiyo na kasoro. Mwaka 1913 Harry Brearley wa mji huohuo akatengeneza chuma kisichoshika kutu.

Kisu cha bibi kinashika kutu, tena kwa upesi kwa hewa hii yetu ya chumvi. Kwa hiyo ubapa wake ni wa feleji ya mtindo wa zamani. Neno ENGLAND nalo linasaidia. Kwa sheria ya ushuru ya Marekani ya mwaka 1890, bidhaa zote zilizoingia nchini humo zilipaswa kuandikwa nchi zilikotoka, na wenye viwanda wakazoea kulipiga chapa. Kisu chenye neno hilo kwa kawaida ni cha baada ya hapo.

Kampuni maarufu kuliko zote ilikuwa Joseph Rodgers, yenye alama ya nyota na msalaba. Mwaka 1822 walianza kisu cha maonyesho chenye bapa 1,822, moja kwa kila mwaka, na wakaendelea kuziongeza. Lakini visu vingi havikutoka kwenye majumba makubwa. Vilitengenezwa na mafundi wadogo waliokodi chumba kimoja na kufanya kazi kwa mkono. Mmoja wa mwisho kusifika alikuwa Stan Shaw, aliyezaliwa 1926 na kuanza kazi akiwa kijana mdogo. Alifariki 2021, na hadi uzeeni watu walikuwa wakisubiri kwa miaka kupata kisu chake.

Tulisoma pia kuhusu wanawake, na hapa tulikaa kimya kidogo. Kazi ya kung'arisha visu vya meza, vijiko na uma ilikuwa ya wasichana. Walijifunga vitambaa vyekundu kichwani na kujizungushia karatasi za kaki na magazeti mwilini, maana mchanga na mafuta viliwarukia kutwa nzima. Wanaume waliosaga makali walivuta vumbi la mawe hadi mapafu yakaharibika, na waliosaga uma, kazi iliyofanywa pakavu bila maji, wengi walikufa wakiwa bado vijana. Kwa hiyo kila kisu cha zamani kinachong'aa kina pumzi ya mtu ndani yake.

Mpini ulitoka wapi?

Tuje kwenye neno la dada mkubwa, kwa sababu hakulisema bure.

Sayyid Said alipohamishia makao yake Unguja, kisiwa hiki kikawa soko kubwa la pembe za ndovu. Misafara ilitoka Bagamoyo kwenda Tabora na Ujiji, na kurudi na pembe mabegani mwa watu. Wapagazi wengi walikuwa Wanyamwezi wanaolipwa ujira. Wengine walikuwa watumwa, nao pia waliuzwa. Soko la watumwa la Unguja lilifungwa mwaka 1873, zama za Sayyid Barghash, na kanisa kubwa la Mkunazini likajengwa mahali pale. Pembe ziliendelea kusafirishwa.

Pembe ya Afrika ya Mashariki ilipendwa kwa kuwa ni laini na nyeupe. Ilikwenda Bombay ikawa bangili. Ilikwenda Connecticut, Marekani, ikawa vinanda. Ilikwenda London ikauzwa kwa mnada, na wenye viwanda vya visu wa Sheffield walikuwa miongoni mwa wanunuzi. Gamba la ng'amba, yule kasa wa bahari yetu, nalo lilipambia mipini ya visu vidogo vya wenye uwezo. Kwa hiyo si ajabu kabisa kitu kiondoke hapa begani mwa mtu, kisha kirudi kuuzwa dukani kikiwa kimeng'arishwa.

Ilibidi tujue mpini wetu ni wa nini. Njia ni rahisi, na kila mwenye kitu cheupe cha zamani aijaribu kwa lenzi ya kukuzia. Pembe ya ndovu ikikatwa kichwani huonyesha mistari inayopishana, kama msuko wa mkeka. Mfupa hauna mistari hiyo. Una vidoti vidogo vyeusi au vijistari vifupi, ambavyo ni njia za damu za mnyama alipokuwa hai. Tulikipeleka dirishani, tukatazama kwa zamu. Vidoti. Vingi. Mpini wa bibi ni mfupa, na mfupa wa ng'ombe ndio uliotumika zaidi kwa visu vya bei ya kawaida.

Dada mkubwa alikaa chini akasema alhamdulillah. Lau ingekuwa pembe, isingekuwa suala la moyo peke yake. Tangu 1990 biashara ya kimataifa ya pembe za ndovu imezuiwa kwa mkataba wa CITES. Uingereza imebana uuzaji wake kwa sheria iliyoanza kutumika 2022, na Tanzania Bara kukutwa na nyara za serikali bila kibali ni kosa la jinai. Dada anayesafiri na kitu cha bibi asidhani uzee wa kitu unatosha kumtetea.

Kukitunza

Mkipata kisu kama hiki msikikimbilie kwa msasa. Rangi ya kijivu kwenye ubapa ni umri wake, na wakusanyaji huipenda. Kutu nyekundu ndiyo adui: ifuteni kwa kitambaa na mafuta mepesi, mtie tone moja kwenye kiungo, kisha mkikaushe. Msikiloweke majini, kwani mfupa huvimba na kupasuka. Msikiweke ndani ya ngozi, maana ngozi hushika unyevu. Kitambaa cha pamba alichotumia bibi kilikuwa sahihi. Na kama mpini ni wa seluloidi, ile inayofanana na plastiki ya rangirangi, kiwekeni peke yake, kwa sababu ikizeeka hutoa hewa inayoharibu vyuma vya jirani.

Kunoa ni kwa kinoo laini, polepole. Dini yetu imetufundisha hata anayechinja anoe kisu chake asimtese mnyama. Makali mazuri ni rehema, jikoni pia: kisu butu ndicho kinachotukata vidole.

Kilikuwa cha nani?

Miaka yote tulidhani kitu kama hiki lazima kilikuwa cha babu. Huko Oman jambia ni fahari ya mwanamme, na mwaka 2022 UNESCO iliingiza ufundi wake katika orodha ya urithi wa utamaduni usioshikika. Akili zetu zilikwenda hukohuko: makali ni ya wanaume.

Tukampelekea bibi mdogo, nduguye bibi, ambaye macho yamepungua nguvu. Hakuhitaji kuona. Alikifungua, akakifunga, akaisikia ile "tak", akacheka.

"Hiki cha dada," alisema. "Alikinunua mwenyewe Darajani kwa pesa ya mikeka. Babu yenu alikuwa akikiomba, naye humwambia, nirudishie kabla ya alasiri."

Tulikuwa tumeshajua habari za Huntsman na za Brearley, za mito ya Sheffield na mnada wa London, kabla hatujajua jambo hili la ndani ya nyumba yetu. Mtu wa kutuambia alikuwa amekaa mtaa wa pili, na hatukuwahi kumuuliza.

Kisu hakikwenda Uingereza. Mdogo wetu mwenyewe alisema kibaki. Tumekinoa, na bibi mdogo ndiye anayekitumia kukatia ukili wake asubuhi, kwa kupapasa. Nyinyi dada zetu, kama kuna kasha nyumbani na kuna mkubwa anayelijua, mwende wiki hii. Chukueni kitu kimoja, mmuwekee mkononi, mumuulize kilikuwa cha nani. Allah awape wazee wetu afya, na waliotangulia awarehemu. Amin.