Siri ya Tanga na Daftari la Akiba

Vita vilivyopiganwa Tanga mwezi Novemba 1914 wenyeji wanavijua kwa jina la vita vya nyuki. Tukiwa watoto tuliambiwa kuwa nyuki ndio waliowafukuza Waingereza mpaka baharini, na wazee waliotusimulia hawakupenda kuulizwa zaidi ya hapo. Nyuki walikuwapo, hilo halina ubishi. Risasi zilipasua mizinga iliyotundikwa mitini, na nyuki walipotoka hawakubagua Mjerumani wala Mwingereza. Lakini baada ya kufundisha historia kwa zaidi ya miaka thelathini, nimeona kuwa wadudu hao wamepewa sifa isiyo yao. Waingereza walishindwa kwa sababu nyingi, na mojawapo kubwa ni kwamba habari zao zilifika Tanga kabla yao.

Tuyatazame yalivyokuwa. Jeshi la watu wapatao 8,000, wengi wao askari wa Kihindi, liliondoka Bombay katikati ya Oktoba 1914 chini ya Jenerali Aitken. Safari hiyo ilipaswa kuwa siri. Hata hivyo wanahistoria wameandika kwamba masanduku yaliyorundikwa gatini Bombay yalikuwa na maandishi ya wazi yakitaja jina la jeshi hilo na mahali linakokwenda, kwamba magazeti yalilizungumzia, na kwamba meli zilipeana habari kwa simu ya upepo bila kuzifumba. Von Lettow-Vorbeck, kamanda wa Wajerumani, naye ameeleza katika kumbukumbu zake kuwa barua za adui zilizokamatwa zilimpa dalili. Mwishoni mwa Oktoba alikwisha kuja Tanga kukagua mji na pwani yake, wakati Aitken na meli zake bado wako baharini.

Kisha likatokea jambo ambalo wanafunzi wangu walikuwa wakilicheka kila mwaka. Mwezi Agosti kulikuwa na makubaliano kwamba Tanga isishambuliwe, na wakubwa wa Uingereza wa majini waliona si uungwana kuuvamia mji bila kutoa taarifa kwamba makubaliano yamekwisha. Kwa hiyo asubuhi ya tarehe 2 Novemba manowari Fox ilitia nanga, na nahodha wake, Caulfeild, akamwita mkuu wa wilaya, Dakta Auracher, ili amjulishe. Auracher aliomba nafasi ya kwenda kushauriana. Alipofika nchi kavu akapeleka simu ya maandishi. Reli ya Usambara ilikuwa imefika Moshi tangu 1911, na kwa reli hiyo askari wakamiminika kuja Tanga, huku Waingereza wakipoteza saa nyingi kusaka mabomu ya majini ambayo hayakuwako. Askari wa kwanza walishushwa Ras Kasone usiku. Pigano kubwa lilikuwa tarehe 4, na tarehe 5 jeshi likarudi melini likiwa limepoteza zaidi ya watu 800, waliokufa na waliojeruhiwa. Nyuma yao waliacha bunduki kwa mamia, bombomu, vyombo vya simu na risasi zipatazo 600,000, vitu ambavyo Wajerumani walivitumia kupigana nao kwa miaka iliyofuata.

Angalia kwamba hapakuwa na mwizi. Hakuna mpelelezi aliyevunja sanduku la jenerali. Habari zilitoka kwa makarani waliokuwa wakifanya kazi yao ya kila siku, yaani kuandika anwani juu ya kasha ili lisipotee njiani.

Haya yalinijia tena miaka michache iliyopita, nilipoombwa niwe mjumbe wa kamati ndogo ya chama kimoja cha akiba na mikopo ambacho wanachama wake wengi ni walimu, wanaofanya kazi na wastaafu. Chama kilikuwa kimepata msiba. Karani alichomeka flashi iliyotoka nje, programu mbaya ikaingia, na asubuhi iliyofuata mafaili yote ya mikopo na akiba yalikuwa yamefungwa kwa msimbo, na juu ya kioo yapo maneno ya Kiingereza ya kudai fidia. Nakala ilikuwapo, lakini ilikuwa ndani ya diski iliyounganishwa na kompyuta ileile, nayo ikafungwa pamoja na asili yake. Fidia haikulipwa. Uamuzi huo niliuunga mkono, kwani anayelipa hana hati yoyote mkononi ya kumshitaki mnyang'anyi asipotimiza ahadi.

Kilichokiokoa chama ni kile kijitabu cha akiba ambacho vijana wa ofisini walikuwa wameanza kukidharau. Wanachama walitangaziwa waje na vitabu vyao. Kwa wiki tatu walipanga foleni, wengine wametoka Muheza na Korogwe, na wengine Lushoto mlimani. Palikuwa na mjane wa mwalimu mwenzetu aliyekuja na kitabu cha marehemu kimefungwa ndani ya kanga, kila ukurasa una mhuri. Hesabu yake ilisimama yote. Nyuma yake alikuwapo mzee aliyestaafu kabla yangu, ambaye kitabu chake kililiwa na mchwa. Miaka yake ya mwisho ya kuweka akiba ilibaki kuwa neno lake tu, na chama hakiwezi kulipa neno. Ilibidi mambo yake yapelekwe kwenye mkutano mkuu, akasimama mbele ya watu aliowafundisha kuthibitisha kuwa hasemi uongo. Sipendi kulikumbuka jambo hilo, lakini ndilo lililonifanya nikubali kukaa kwenye kamati.

Fundi wetu alikuwa binti mwenye akili, mtoto wa mwanafunzi wangu wa zamani. Alileta orodha ya vifaa: seva mpya, ukuta wa kuzuia wavamizi mtandaoni, programu za kupambana na virusi, mashine ya kutunza umeme. Bei yake ilitutoa jasho. Nikamwambia, "Mwanangu, kabla ya vifaa, tuchoree njia. Taarifa ya mwanachama mmoja inazaliwa wapi, inapita kwa nani, na inalala wapi?" Akanijibu kwa heshima, "Shikamoo mwalimu, nimekuelewa, lakini mchoro hauzuii kirusi." Alisema kweli. Mwezi Mei 2017 programu iliyoitwa WannaCry ilizishambulia kompyuta katika nchi zipatazo 150, hospitali za Uingereza zikiwamo, kwa kupitia tundu ambalo kiraka chake kilikuwa kimetolewa tangu Machi mwaka uleule. Aliyeweka kiraka alisalimika. Basi tukakubaliana kwamba vifaa vitanunuliwa, na viraka vitawekwa kila vinapotoka, lakini mchoro utangulie.

Mchoro ulituonyesha mambo ya ajabu. Kila mwisho wa mwezi orodha ya wanachama, yenye majina, namba za mishahara na salio la kila mtu, ilipelekwa kwa mhasibu kupitia simu ya mkononi ya karani. Halafu ilichapwa katika duka la steshenari huko Ngamiani, kwa sababu printa ya ofisi haikuwa na wino. Tulipokwenda pale dukani tulikuta orodha za miezi kadhaa zimo ndani ya kompyuta ya mwenye duka, kijana mwema ambaye hakuwa na habari nazo. Mtu angeweza kununua ukuta wa kuzuia wavamizi kwa mamilioni, na salio la mjane bado likasomwa na kila aliyekwenda kutoa fotokopi ya cheti. Nikawaeleza wenzangu habari za masanduku ya Bombay. Tangu siku hiyo, mtu akitaka kutuma faili ovyo, utasikia mwenzake akimwuliza, "Unalipeleka Bombay?"

Siku hizi jambo hili lina sheria yake pia. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ilipitishwa mwaka 2022 na kuanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, na ipo Tume ya kuisimamia. Hata hivyo sikuona mtu ofisini aliyeacha kuitembeza orodha kwa sababu ya sheria. Waliacha baada ya kulikuta jina la mama yao kwenye kompyuta ya dukani.

Juu ya nakala tulibishana zaidi. Wapo waliosema kila kitu kipelekwe kwenye wingu, yaani katika kompyuta za kampuni zilizo nchi za mbali, na kazi imekwisha. Mimi sina ugomvi na wingu. Lakini tarehe 12 Mei 2024 nyaya mbili za baharini, EASSy na Seacom, zilikatika, na intaneti ikazorota Tanzania na kwa majirani zetu. Siku kama hiyo taarifa zako zipo salama usalimini, ila huzifikii, na mwanachama aliyekuja kuomba mkopo wa matibabu haelewi habari za nyaya. Nilitaka nakala moja iwe mbali na nyingine iwe Tanga, na mojawapo ikae bila kuunganishwa na kitu chochote.

Pwani hii ina mfano wake. Abdallah bin Hemedi, aliyepata kuwa liwali wa Tanga, aliandika Habari za Wakilindi, historia ya watawala wa Usambara. Misheni ya Magila, huko Muheza, iliichapa kwa sehemu kuanzia miaka ya 1890. Nakala hazikuwa nyingi, na baada ya miaka hamsini zilikuwa adimu kabisa, lakini zilikuwa zimetawanyika. Ndiyo maana J.W.T. Allen aliweza kuitoa tena mwanzoni mwa miaka ya 1960. Kama ingebaki mswada mmoja kabatini, sidhani kama tungekuwa nayo. Wajerumani nao walifanya namna nyingine. Vita vilipowasukuma kutoka pwani, mafaili ya serikali yao yalipelekwa bara, na mengi yakafukiwa Tabora mwaka 1916. Yalifukuliwa baada ya vita, na leo yanasomwa katika Nyaraka za Taifa, Dar es Salaam. Kufukia si njia ninayoipendekeza kwa chama cha akiba, kwani udongo wetu una mchwa na mwenye kujua shimo anaweza kufa. Lakini mantiki yake naielewa: adui hawezi kuchoma asichokifikia.

Mfano uliowanyamazisha wabishi hata hivyo haukutoka kwa wazee. Mwezi Juni 2017 kampuni ya meli ya Maersk, ambayo makontena yake kila mkazi wa pwani ameyaona, ilipigwa na programu iliyoitwa NotPetya. Kompyuta zinazotunza orodha ya watumiaji na ruhusa za mtandao wake mzima zilikuwa nyingi, kila moja ikiwa nakala ya mwenzake, na zote ziliangamia kwa pamoja kwa sababu zilikuwa zimeunganishwa. Ilisalia moja tu, nayo ilikuwa Ghana. Ilisalimika kwa kuwa umeme ulikatika huko, ikawa imezimika wakati wa shambulio. Mtumishi wa Ghana hakuwa na viza ya Uingereza, ikabidi diski ipokezanwe kwenye uwanja wa ndege nchini Nigeria kabla ya kufikishwa. Kampuni ikaweka upya kompyuta 45,000 na seva 4,000 kwa muda wa siku kumi hivi. Sisi ambao tumelaani kukatika kwa umeme maisha yetu yote tulicheka sana, halafu tukaandika kwenye mpango: diski mbili za nje zibadilishane kila Ijumaa, mmoja akiwa kazini, mwenziwe amelala kabatini bila waya.

Kabati hilo lina kufuli mbili. Hapo nilitumia uzoefu wa ukuu wa chuo, kwani bahasha za mitihani niliziweka hivyo: ufunguo mmoja kwangu na wa pili kwa msaidizi wangu, na hakuna aliyefungua peke yake. Watu huona utaratibu huo kuwa ni kutoaminiana. Mimi naona unamlinda mshika ufunguo zaidi ya unavyomlinda mwenye mali. Mwaka 2008, mtihani wa hisabati wa kidato cha nne ulipovuja na kufutwa, kila mkuu wa shule aliyeshika ufunguo pekee alilala macho wazi. Kwa sababu hiyohiyo tuliagiza kila karani awe na nywila yake, isiyobandikwa ukutani wala kuazimwa, na anayeacha kazi afungiwe mlango wa kompyuta siku ileile anaporudisha ufunguo wa ofisi. Hapa palikuwa na minong'ono, ikapita.

Kipengele cha mwisho nilikidai mwenyewe, na nusura kikataliwe kwa kuonekana mchezo wa wazee. Kila robo mwaka, Jumamosi moja, fundi aletewe kompyuta tupu na diski kutoka kabatini, arudishe hesabu zote bila kugusa mashine ya ofisi, huku mjumbe mmoja akishika saa. Baada ya hapo wanachama kumi watolewe kwa kura, na vitabu vyao vilinganishwe na kile kilichorudishwa. Mara ya kwanza tulianza saa mbili asubuhi na binti yule akamaliza adhana ya alasiri ikiita. Vitabu tisa vililingana hadi senti. Cha kumi kilikuwa cha mwalimu wa Pangani, na jina lake halikuonekana mahali popote. Tulipofuatilia tukagundua kuwa wanachama wote wa Pangani walikuwa wakiandikwa katika faili la peke yake, ambalo halijawahi kuingizwa kwenye nakala. Jumatatu yake karani alipanda basi la asubuhi kwenda Pangani akiwa na diski, daftari la kaunta na barua ya mwenyekiti ya kuwataka wanachama waje na vitabu vyao.