Mabwawa ya Machimbo, Kampala
Mashimo ya mawe, mchanga na udongo wa matofali yaliyojaa maji ya mvua na ya ardhini. Ziwa la Kabaka, lililochimbwa kwa amri ya Mwanga II, mfalme wa Buganda, miaka ya 1880, ni jamaa yao wa kifalme. Wapo wanaodai kuogelea katika mabwawa ya machimbo ni salama kuliko katika Ghuba ya Murchison ya Ziwa Victoria, inayopokea uchafu wa mfereji wa Nakivubo. Hoja hiyo ni nusu ya kweli. Maji yaliyotuama hayana pa kutokea, hivyo yanayovuja kutoka vyoo vya shimo hubaki humo. Penye majani, konokono walioambukizwa hutoa viluwiluwi vya kichocho vinavyopenya ngozi kwa dakika chache, hata maji yakiwa maangavu. Nao ukingo wa mwamba huteremka ghafla, na hata mwogeleaji hodari hukosa pa kushika ili atoke.