Kizuia Oksidisho: Istilahi Tuliyoifanya Kuwa Kiondoa Sumu

Chukua kopo lolote la unga wa mlonge dukani, iwe Kariakoo au Kongowea, usome maandishi yake. Mara nyingi utakuta madai mawili yamefuatana: unga huu huondoa sumu mwilini, na huongeza kinga. Dai la kwanza limetokana na istilahi moja ya kemia ambayo wengine tumeitohoa kuwa antioksidanti, na wengi zaidi tunaitafsiri kuwa kiondoa sumu. Dai la pili linahusu seli nyeupe za damu. Mnunuzi anaona mambo mawili mema yamekutana kwenye kopo moja. Lakini ukiingia ndani ya seli nyeupe yenyewe, madai hayo, jinsi yalivyoandikwa, yanavutana. Kinachoyavuta ni neno sumu.

Tuanze na tendo lenyewe. Kemia inasema kitu kimeoksidishwa pale kinapopokonywa elektroni. Oksijeni ni mpokonyaji hodari, na ndiyo iliyolipa tendo hili jina, ingawa si yeye peke yake anayelifanya. Menya ndizi mbichi au katakata bilinganya, uziache wazi kidogo: zinapiga weusi. Hilo ni oksidisho. Mpishi anayezitumbukiza kwenye maji yenye ndimu analizuia kwa njia mbili. Asidi ya ndimu inadhoofisha kimeng'enya kinacholiharakisha, na vitamini C inajitoa ioksidishwe yenyewe. Kilichopiga weusi kwenye ndizi ni polifenoli, na polifenoli ndilo kundi lile lile la kemikali za mimea linalosifiwa kwa kupinga oksidisho. Hakuna ajabu hapo. Kitu kinachomkinga mwenzake asioksidishwe ni kile kilicho tayari kutoa elektroni zake upesi, na kinachotoa elektroni upesi huoksidishwa upesi.

Istilahi hii haitembei peke yake. Ina ndugu yake, radikali huru, yaani molekuli au atomu yenye elektroni isiyo na mwenzi, na kwa sababu hiyo yenye pupa ya kupokonya elektroni kwa jirani. Kwenye maandishi ya afya yaliyotafsiriwa na mashine nimesoma kwamba mlonge hupambana na "itikadi kali za bure". Maneno hayo yanasambazwa kama yalivyo, yanasomwa na watu wanaotafuta nafuu ya maradhi yao, na hayawaambii lolote. Radikali huru inatosha, na mwanafunzi wa kidato cha tatu anaielewa akishaelezwa mara moja.

Sasa tuingie kwenye damu. Kati ya seli nyeupe, nutrofili kwa kawaida ndizo nyingi, na bakteria wakiingia kupitia mchubuko huwa miongoni mwa za kwanza kufika. Nutrofili humzingira bakteria, hummeza, humfungia kwenye kifuko kilichomo ndani yake. Kwenye utando wa kifuko hicho kuna kimeng'enya kinachochukua elektroni na kuzipachika kwenye oksijeni. Hapo huzaliwa superoksidi, ambayo ni radikali huru. Superoksidi hugeuka haidrojeni peroksidi. Kisha kimeng'enya kingine, mieloperoksidasi, huitumia peroksidi hiyo pamoja na kloridi inayotokana na chumvi ya mwili kutengeneza asidi ya haipoklorasi, kemikali ya jamii moja na ile iliyomo kwenye maji ya kung'arishia nguo nyeupe. Mieloperoksidasi ina rangi ya kijani. Usaha mzito unaoelekea ukijani unapata rangi hiyo kwake: ni masalia ya nutrofili zilizokufa vitani.

Kazi hii inakula oksijeni kwa wingi na kwa ghafla, na wanasayansi Baldridge na Gerard waliiona tangu mwaka 1933 walipopima seli nyeupe za mbwa zikimeza bakteria. Anayetaka kujua uzito wake awaangalie watoto wanaozaliwa na kasoro kwenye kile kimeng'enya cha superoksidi. Nutrofili zao zinafika, zinameza, lakini haziwezi kutengeneza silaha. Ugonjwa huo wa kurithi huitwa ugonjwa sugu wa granuloma, na wanaougua hushambuliwa mara kwa mara na bakteria na kuvu ambao mtu mwingine asingewatambua kabisa. Mtoto wa namna hiyo ana "sumu" chache kwenye nutrofili zake kuliko sisi sote, na ndiyo sababu anaumwa.

Basi ukisema kiondoa sumu, umeshaihukumu superoksidi kabla ya kuuliza inafanya nini na iko wapi.

Upande wa pili nao ni wa kweli. Silaha hizi hazichagui. Zikimwagika nje ya kifuko, au nutrofili zikiendelea kuzitengeneza baada ya adui kwisha, huchoma mafuta ya utando wa seli, huharibu protini, hujeruhi DNA. Kwenye baridi yabisi, viungo huliwa taratibu na mchochota usiozimika, na radikali huru zimo katika uharibifu huo. Mwaka 1985 mwanasayansi Mjerumani, Helmut Sies, aliieleza hali ya vioksidishaji kuuzidi nguvu ulinzi wa mwili, hali tunayoweza kuiita mkazo wa oksidisho. Neno lake ni neno la mizani. Halisemi kwamba oksidisho ni baya. Linasema limezidi. Mwili wenyewe unaijua mizani hiyo: McCord na Fridovich walionyesha mwaka 1969 kwamba kuna kimeng'enya, superoksidi dismutasi, ambacho kazi yake ni kuidhibiti superoksidi, nacho kimo ndani ya seli zetu mchana na usiku, pasipo kopo lolote.

Tukishafika hapa ndipo tunaweza kusoma kwa utulivu matokeo ya maabara. Mtafiti akitaka kuujua mmea, kwanza hutoa kiziduo, yaani kimiminika au unga uliotolewa kwenye majani, magome au mizizi kwa kutumia maji, ethanoli au methanoli. Bibi anayechemsha magome kwenye sufuria naye anatoa kiziduo, cha maji. Methanoli hutoa vitu ambavyo maji hayavitoi, na yenyewe ni sumu isiyonyweka, kwa hiyo matokeo ya kiziduo cha methanoli hayamhusu moja kwa moja mtu anayekunywa chai ya majani yale yale. Tofauti hii hupotea njiani habari inapotoka kwenye jarida kwenda gazetini.

Kipimo cha kwanza huwa hakina seli ndani yake. Kuna radikali moja thabiti inayoitwa DPPH, iliyoelezwa na Blois mwaka 1958 kuwa kipimo. Ukiiyeyusha unapata maji ya zambarau iliyokolea. Ukiongeza kiziduo chenye kutoa elektroni au haidrojeni, zambarau inafifia mpaka inabaki njano. Inapendeza kuitazama, ni rahisi, na ndiyo maana tafiti nyingi za mimea ya dawa huanzia hapo na nyingine huishia hapo. Karafuu inafanya vizuri sana kwenye vipimo vya aina hii. Katika orodha ya vyakula 100 vyenye polifenoli nyingi iliyotolewa mwaka 2010 na watafiti wa Ufaransa, karafuu ndiyo iliyoshika nafasi ya kwanza. Mpemba ana haki ya kuifurahia habari hiyo. Ila testi tyubu haina ini, haina utumbo, wala haina nutrofili. Wizara ya Kilimo ya Marekani ilikuwa na orodha yake ya vyakula iliyopangwa kwa nguvu ya namna hii ya maabara, na mwaka 2012 iliiondoa, ikieleza kwamba tarakimu zile hazionyeshi kinachotokea ndani ya mwili wa binadamu na kwamba wauzaji walikuwa wakizitumia vibaya.

Kipimo cha pili ndicho kinachogusa seli za kinga. Damu ya mtu aliyejitolea humiminwa taratibu juu ya kimiminika kizito kuliko plazma, kisha mrija huzungushwa kwa kasi kwenye mashine. Ukitolewa, damu imejipanga kwa tabaka. Chini kabisa zimetua seli nyekundu pamoja na nutrofili. Juu kuna plazma ya rangi ya majani makavu. Katikati pameelea utando mwembamba mweupe, kama ukungu: humo mna limfosaiti na monosaiti, seli nyeupe za aina nyingine. Mtafiti huunyonya utando huo kwa uangalifu, huzilea seli zake kwenye kimiminika chenye lishe, huzipa kiziduo, halafu huzichokoza kwa peroksidi. Rangi maalumu iliyotiwa ndani yake humeremeta kijani kadiri oksidisho linavyopanda. Seli zilizopewa kiziduo zikimeremeta kidogo kuliko zisizopewa, huandikwa kwamba kiziduo kimezikinga.

Matokeo ya namna hiyo yamepatikana kwa mimea mingi, na siyapuuzi. Yana mambo yanayohitaji jicho, hata hivyo. Barry Halliwell na wenzake walionyesha kwamba baadhi ya polifenoli, zikiwekwa kwenye kimiminika cha kulelea seli, huoksidishwa humo humo na kuzalisha haidrojeni peroksidi. Kwa hiyo kiziduo kinaweza kuwa kioksidishaji ndani ya chombo kile kile kilichoandaliwa kuthibitisha kwamba kinapinga oksidisho. Kuna pia njia ya kinyumenyume ambayo mimi naiona ndiyo nzuri kuliko zote. Kemikali kadhaa za mimea huisumbua seli kidogo tu, na usumbufu huo huiamsha protini iitwayo Nrf2, ambayo huenda kwenye kiini na kuagiza vimeng'enya vya ulinzi vitengenezwe kwa wingi. Mmea haukuondoa chochote. Umeichokoza seli ikajilinda.

Halafu kuna suala la kiasi. Tuseme kiziduo kimezikinga seli kwa kipimo cha mikrogramu 100 kwa kila mililita. Mtu mzima ana damu ya lita tano hivi. Ili damu yake ifikie kipimo hicho, gramu nusu ya kiziduo ingepaswa kuwa ndani ya damu kwa wakati mmoja, ikiwa haijabadilika. Polifenoli hazisafiri hivyo. Sehemu kubwa hubadilishwa na bakteria wa utumbo na ini kabla ya kufika popote, na kinachobaki kwenye damu ni kidogo mno. Mifano ya kusikitisha ipo ya watu waliopewa kwa wingi kile kilichoonekana chema. Nchini Finland, wavuta sigara wanaume 29,133 waliingizwa kwenye utafiti wa betakarotini na vitamini E, na mwaka 1994 ikatangazwa kwamba waliopewa betakarotini walipata saratani ya mapafu kwa asilimia 18 zaidi ya wasiopewa. Nchini Marekani utafiti uliofanana nao ulisimamishwa Januari 1996 kabla ya wakati wake, kwa sababu hiyo hiyo. Hivyo vilikuwa vidonge vya kemikali moja moja, si mboga wala chai, na hakuna aliyeambiwa aache kula karoti. Lakini mtu aliyefundishwa neno kiondoa sumu atawezaje kuyaelewa matokeo hayo? Sumu, kwa akili ya kawaida, ukizidisha kuiondoa unazidi kupona.

Ndiyo maana nasema tafsiri hii imetugharimu. Tunajua kufanya vizuri zaidi. Ilipokuja haja ya kuziita dawa za VVU kwa Kiswahili, watu wa afya walitumia kufubaza: dawa za kufubaza makali ya virusi. Hawakusema kuua, wala kuondoa. Kitenzi kimoja kilimfahamisha mgonjwa kwamba kirusi kimo, kimepungua nguvu, na kwamba akiacha dawa kitarudi na makali yake. Kitenzi hicho kimefanya kazi ya mhadhara mzima wa kliniki.

Kwa istilahi yetu, antioksidanti ina faida ya kutambulika na msomi popote, lakini haina mlango wa kumwingizia msomaji wa kawaida. Kinzaoksidi imejaribiwa na wachache. Ni fupi na ina sura nzuri, ila oksidi ni kitu, na hapa kinachopingwa ni tendo. Nachagua kizuia oksidisho, wingi vizuia oksidisho. Kinaingia kwenye ngeli ya ki-vi bila kusukumwa, kinalitaja tendo, na kinamwachia msomaji nafasi ya kuuliza swali la maana: oksidisho lipi, kwenye seli gani, kwa kiasi gani? Zuia ni neno zito kidogo, kwa kuwa kazi yenyewe mara nyingi ni kupunguza. Uzito huo naukubali, maana hautii ubaya mahali pasipo na ubaya. Kwa upande wa pili wa mizani tuna kioksidishaji, na kwa hali ya kuzidiwa tuna mkazo wa oksidisho. Istilahi tatu za shina moja, zinazofundishika kwa somo moja.

Kiondoa sumu tukiachie mahali pake pa haki, kwa mfano makaa yanayotolewa hospitalini kwa mtu aliyekunywa sumu kweli. Wahariri wa kurasa za afya, walimu na wanaoandika lebo za dawa za asili nawaomba waandike kizuia oksidisho, na chini yake wataje kipimo kilifanyika wapi: kwenye testi tyubu, kwenye seli zilizolelewa maabara, au kwa watu. Nawe unayetumia viziduo vya mimea huku ukiwa kwenye matibabu ya saratani, mtajie daktari wako jina la mmea na kiasi unachokunywa, kwa sababu baadhi ya dawa za saratani huua seli mbaya kwa njia ya oksidisho.