Vijana Hawapendi Kilimo? Tuiulize Karatu

Kuna maneno yamerudiwa mpaka yamekuwa kama kweli. Mojawapo ni hili: vijana wa siku hizi hawapendi kilimo. Utalisikia redioni, kwenye semina, hata kijiweni kwa muuza kahawa. Dawa yake nayo inajulikana: wahamasishwe. Wakishahamasishwa, basi, ajira imepatikana.

Mimi naona historia inasema vingine, na pazuri pa kuisomea ni wilaya ya Karatu, kuanzia Kansay na kata jirani mpaka Mang'ola kwenye bonde la Ziwa Eyasi. Karatu tunayoijua leo, ya mahindi, ngano, mbaazi na vitunguu, kwa sehemu kubwa imelimwa na watu waliofika wakiwa vijana wasio na ardhi.

Tuanze na Wairaqw, ambao wengi tumezoea kuwaita Wambulu. Kitovu chao ni Irqwar Da'aw, ile milima ya Kainam huko Mbulu. Watu wa milima ile walikuwa wakulima hodari kabla bwana shamba hajafika. Ng'ombe walilala ndani, samadi ikabebwa shambani, na miteremko ikalindwa kwa matuta ili mvua isiondoke na udongo. Mwenye ng'ombe wengi aliweza kumpa asiye nao amtunzie. Mtunzaji akapata maziwa na samadi, na mwenye mali akapunguza hatari ya kupoteza kundi lote kwa mkupuo.

Lakini mlima haukui. Watoto waliongezeka, mashamba yakagawanywa na kugawanywa tena. Kijana aliyetaka kuoa na kujenga alikuwa na njia moja kubwa: kuhama. Hofu ya mapigano na Wamasai ilipopungua, na baadaye mapori yenye mbung'o yalipofyekwa wakati wa Waingereza, watu walisogea kaskazini kuelekea Karatu. Nani aliwahamasisha? Ardhi ilikuwepo, na jasho la mtu lilibaki kuwa lake. Hiyo ilitosha.

Palikuwa na njia ya pili, isiyo tamu sana. Kati ya vita viwili vya dunia, walowezi, wengi wao Wajerumani, walifungua mashamba ya kahawa upande wa Oldeani. Kodi ilitakiwa kwa fedha, na fedha ilipatikana kwa kibarua. Kwa hiyo tayari zamani zile Karatu ilikuwa na vijana wa aina mbili katika kilimo: anayelima chake na anayelima cha mwingine. Wote walishika jembe. Tofauti ilionekana baada ya mavuno.

Uhuru ulipokuja, serikali ilitaka kufanya jambo kubwa. Ripoti ya Benki ya Dunia ya 1961 ilishauri kwamba kuboresha kilimo kidogokidogo hakutoshi. Waundwe wakulima wapya katika makazi mapya, chini ya usimamizi. Mwalimu Nyerere, katika hotuba yake ya kuanza kwa Jamhuri Desemba 1962, alisisitiza watu waishi vijijini pamoja ili trekta, shule na maji viwafikie. Wakati huohuo, juu ya ukingo wa Bonde la Ufa huko Mbulumbulu, ilianza Upper Kitete: familia zipatazo 100, wengi vijana wa Umoja wa Vijana wa TANU, wakilima ngano kwa ushirika na kwa matrekta.

Upper Kitete ilikuwa miongoni mwa makazi yaliyofanikiwa kuliko mengi. Udongo ulikuwa mzuri, ngano ilikubali, na watu walikuja kukaa kweli. Lakini mpango mzima ulikuwa mzito. Mpango wa Maendeleo wa Miaka Mitano ulioanza 1964 ulikadiria takriban pauni 150,000 kwa kila makazi ya familia 250. Hebu piga hesabu: ni pauni 600 kwa familia moja, katika nchi ambayo mkulima wa kawaida hakuwahi kuiona fedha ya namna hiyo. Deni lilikuwa la walowezi wapya, maamuzi mengi yalikuwa ya meneja, na mashine zilisimama sehemu kubwa ya mwaka. Katika makazi mengi watu walijiona waajiriwa wa serikali. Aprili 1966 Makamu wa Pili wa Rais, Rashidi Kawawa, akatangaza kwamba makazi mapya ya namna ile yasianzishwe tena.

Baada ya hapo zamu ilikuwa ya maneno, kisha ya amri. Elimu ya Kujitegemea ya 1967 ilitaka shule imwandae mtoto kwa maisha ya kijijini. Katika shule nyingi somo hilo lilifika kama jembe mkononi mchana na, wakati mwingine, kama adhabu. Mtoto akajifunza kwamba kulima ndiko anakopelekwa aliyekosea. Miaka ya 1970 zikaja operesheni za vijiji. Mwaka 1983 ikaja Sheria ya Nguvu Kazi: Dar es Salaam watu wasio na kazi inayotambulika walikamatwa na kurudishwa mashambani. Wengi walirudi mjini. Kijana aliyeondoka kijijini kwa kukosa shamba, akirudishwa kwa lori, shamba atalikuta limetoka wapi?

Sasa tusogee karibu. Machi 2023 serikali ilizindua programu ya BBT, Jenga Kesho Iliyo Bora, ya kuwapa vijana mafunzo kisha mashamba makubwa ya pamoja yenye umwagiliaji. Walioomba awamu ya kwanza walizidi 20,000. Waliochaguliwa walikuwa 812. Wapo wa kujadili gharama na usimamizi, na nadhani kivuli cha Upper Kitete kinastahili kukumbukwa katika mjadala huo. Lakini swali langu ni dogo zaidi: ikiwa vijana hawapendi kilimo, hao 20,000 walikuwa akina nani?

Kule Mang'ola jibu liko wazi. Chemchemi zinamwagilia vitunguu, na shambani wamejaa vijana wanaopanda, wanaopalilia na wanaofunga magunia. Wengi ni vibarua, au wamekodi kipande kwa msimu. Kazi ipo tele. Kinachokosekana ni nguvu ya kusema bei. Gunia linashonewa kilemba mpaka linakuwa lumbesa, na mkulima analipwa gunia moja kwa mzigo wa gunia moja na ushee. Mbaazi nazo ziliwahi kuitwa mkombozi, mpaka Agosti 2017 India ilipoweka kikomo kwa mbaazi kutoka nje na bei ikaporomoka. Mwenye shamba lake na akiba huvumilia msimu mbaya. Aliyekodi kwa mkopo huuza pikipiki, kisha anaondoka. Halafu tunamwita mvivu.

Njia ya babu, ile ya kuhama, imeziba. Kaskazini kuna msitu na hifadhi ya Ngorongoro, mashariki ukingo wa bonde na Manyara, magharibi Eyasi. Kijana wa Kansay hana Karatu nyingine ya kwenda kuifungua. Kwa hiyo ajira yake ya kilimo itatoka kwenye ardhi iliyokwisha kuwa na mwenyewe, au kwenye kazi za baada ya mavuno: kuhifadhi, kukoboa, kusaga, kufungasha, kusafirisha.

Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 inampa mwanakijiji haki ya kuomba ardhi kwa halmashauri ya kijiji chake, na kijana wa miaka 18 ni mwanakijiji kamili. Mkutano mkuu wa kijiji ndio wenye neno kuhusu ugawaji. Mzee anaweza kumpa mwanawe ekari moja kwa maandishi angali hai, badala ya kumweka akisubiri matanga. Chama cha ushirika kinaweza kununua mizani na kukataa lumbesa. Hayo hayahitaji pauni 150,000.

Ndugu msomaji, safari ijayo ukisikia vijana wamelaumiwa kwenye mkutano, usibishe. Uliza mambo mawili tu: shamba ni la nani, na mizani ameshika nani?